Shimo Mbele ya Nyumba ya Baba

Tolliver, Alabama
8 Novemba 1999

Dada Ozella,

Najua hata bahasha hujaichana vizuri unasema, "Huyu naye kaandika kurasa ngapi leo?" Tano. Kaa chini. Ungekuwa unasikia simu ningekupigia, lakini masikio yako kiwanda cha magari kilishayala, basi macho yavumilie.

Mimi mzima, goti tu. Bi Tressie mwenye mgahawa ninapofanya kazi kajaza stoo maji ya chupa na maharage ya kopo, eti mwaka elfu mbili ukiingia kompyuta zitakufa zote na dunia itasimama. Nikamwambia, "Bi Tressie, sisi humu tuna kompyuta gani? Hata hiyo mashine ya kahawa mpaka niipige konzi." Kaninunia mpaka saa sita mchana.

Sasa habari yenyewe. Washington wametunga sheria. Si unajua kuna orodha ya sikukuu ambazo watu wanatakiwa watoe bendera ya taifa nje? Wameingiza na sikukuu ya Mchungaji King aliyetupigania sisi weusi, ile Jumatatu ya Januari. Mchungaji Dubose katusomea kanisani, kanisa zima amina, Dada Ruthanne kofia ikamdondoka. Na mimi akili ikaruka moja kwa moja kwa wale wanaume wa Klabu ya Bendera.

Wewe uliondoka zamani, haya ya klabu huyajui. Barabara kuu yote, na kule mlimani kwa Wazungu, kila nyumba ina bomba limezikwa kwenye majani karibu na njia, na lina kifuniko chake. Sikukuu ikifika, alfajiri, Bwana Garvin Creel anapita na pikapu imejaa bendera. Anachomeka, anasogea, anachomeka. Jua likizama anazing'oa. Unamkumbuka Creel? Mkimya utadhani maneno anayanunua. Miaka ishirini na sita namtilia kahawa, neno lake ni moja: "Verlene, ongeza." Lakini sikukuu ya King ikifika, pikapu haitoki. Na mtaa wetu huku bondeni, bomba hakuna hata moja, tangu Mungu aumbe dunia.

Basi mwezi ujao nakwenda kwenye kikao cha halmashauri ya mji, niwaulize kama safari hii watatoa. Kuuliza tu. Habari nimeikata gazetini, nimeiweka ndani ya Biblia isikunjike.

Mdogo wako wa maneno mengi,
Verlene


Detroit
15 Novemba 1999

Verlene,

Usiende.

Mchungaji ana mdomo, aende yeye. Baba naye alikwenda "kuuliza tu". Aliuliza fomu ya kujiandikisha kupiga kura, na jibu walimletea nyumbani. Wewe mwaka ule ulikuwa kwa Shangazi, ulirudi ukakuta majivu. Mimi nilikuwepo.

Unalala kwenye nyumba ileile. Hao unaowatilia kahawa ni watoto wa wale wale, na wengine ni wale wale wenyewe, wamenenepa tu.

Barafu imeanza. Zile pipi za karanga usitume tena, meno yamekataa.

Ozella


Tolliver
7 Desemba 1999

Dada Ozella,

Nilikwenda. Usichane barua, soma kwanza.

Nilivaa lile gauni la zambarau la mazishi ya marehemu mume wangu Lucius, maana ndilo pekee linalonifanya nionekane mtu wa kujibiwa. Tulikuwa kama ishirini ukumbini. Mwenyekiti Pickard, ambaye ndiye huyohuyo mkubwa wa klabu, akauliza nani ana neno. Nikasimama. Goti likalia kah! Watu wote wakageuka.

Nikasoma kipande changu cha gazeti. Pickard akatabasamu, akasema, "Verlene, sheria inasema inafaa bendera itolewe. Haisemi ni lazima. Asiyetoa hafungwi."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, na mikate yangu ya siagi nayo si lazima. Lakini asubuhi nisipoioka mnapiga kelele mji mzima."

Ah, dada, wakacheka! Hata Wazungu wawili watatu. Ila Pickard hakucheka. Akasema klabu itapiga kura, akagonga nyundo yake, tukahamia kwenye mjadala wa mifereji ya maji machafu.

Natembea natoka najiona nimekuwa mrefu. Leo asubuhi nimefika mgahawani, meza ya wale wanaume kimya. Nimeweka uji wa mahindi, kimya. Nimemwaga kahawa kwenye sahani ya Pickard kwa bahati mbaya, sawa, nusu bahati mbaya, na bado kimya. Creel peke yake kaniangalia, akafungua mdomo, akaufunga. Hata lile "ongeza" hakulisema.

Nikasikia kijibaridi mgongoni. Lakini mlango ulikuwa wazi, huenda ni upepo.

Verlene


Tolliver
19 Desemba 1999

Dada,

Ijumaa narudi kutoka kazini saa tisa, nakuta shimo.

Mbele ya nyumba, kwenye majani, hatua tatu kutoka barabarani. Shimo la duara, dogo, limechimbwa vizuri, mkono wangu umeingia mpaka kwenye kiwiko sijagusa chini. Udongo umewekwa pembeni kichungu kimoja safi. Si panya. Si mbwa. Nikamuuliza jirani, Bi Ocie, yeye anayejua hata jogoo wa nani kakohoa. Akasema hakuona kitu, halafu akaingia ndani akafunga mlango. Ocie! Kufunga mlango habari ikiwa nje!

Nimejiambia labda ni watu wa gesi. Nimewapigia watu wa gesi. Si wao. Watu wa maji, si wao.

Nacheka ninapoandika, lakini mwandiko unauona mwenyewe umelewa. Wewe ulikuwepo mwaka ule. Niambie. Wanaanza na nini?

Verlene


Detroit
23 Desemba 1999

Verlene,

Wanaanza na shimo.

Ule msalaba wanaouwasha moto kututisha sisi weusi hausimami hewani. Wanachimba mchana, usiku wanarudi na mashuka yao meupe ya kuficha sura. Mwaka 1962 shimo lilikuwepo tangu alasiri. Duara, dogo, safi, udongo pembeni. Palepale.

Ndani ya bahasha kuna tiketi ya basi, Tolliver mpaka Detroit, tarehe yoyote. Chukua picha ya Mama na dawa zako za presha. Nyumba iache. Baba aliiokoa na moto ule, ikamla mikono. Vidole vyake havikushika tena hata kijiko. Nyumba haistahili kumla mtu wa pili.

Kwa mara ya kwanza katika maisha yako, usibishe.

Ozella


Tolliver
3 Januari 2000

Dada Ozella,

Dunia haikusimama. Bi Tressie sasa ana makopo mia mbili ya maharage na kila mteja anauziwa supu.

Tiketi nimeipata. Lakini ngoja. Kabla haijafika nilikuwa nimeshalifukia lile shimo, nikalishindilia kwa kisigino, nikaweka na chungu cha maua juu. Krismasi ikapita salama. Mkesha wa mwaka mpya tukaimba kanisani. Tarehe mosi nikapika kunde na sukuma na mguu wa nguruwe, nikala hizo kunde za kuleta bahati ya mwaka mpaka nikaona aibu. Nikasema, basi, yameisha.

Jana natoka ibadani, chungu kimewekwa pembeni taratibu, hata jani halijavunjika. Shimo limefukuliwa. Na safari hii refu zaidi, Ozella, na kuna vumbi la kijivu pembeni, limemwagika. Kama majivu.

Polisi akaja, akalichungulia, akasema, "Huenda mbwa." Nikamuuliza, "Mbwa gani anayehamisha maua?" Akaandika kitu kwenye daftari lake, nadhani kaandika mbwa.

Nimetoa bunduki ya Baba ya kuwindia sungura. Nimeipaka mafuta. Silali chumbani, nalala jikoni na viatu. Watu wa kanisa wanasema nijitulize, halafu wanaondoka kabla giza halijaingia.

Umeshinda. Nitapanda basi la Ijumaa tarehe kumi na nne, sikukuu inikute kwako.

Verlene


Detroit
9 Januari 2000

Mdogo wangu,

Kitanda nimekitandika.

Kuna kitu sijakuambia, wala Mama sikumwambia mpaka anakufa. Ndiyo sababu sikuja kumzika. Niliogopa nitakisema kaburini.

Siku ile 1962 natoka shule, nikamkuta aliyekuwa anachimba. Kijana wa Kizungu, kama miaka kumi na tisa, kofia imemfunika uso, peke yake na sepetu. Nikamuuliza, "Unafanya nini mbele ya nyumba yetu?" Akasema, "Baba yako kanituma. Anampandia mama yako mti wa tini." Na kweli Baba alikuwa kamwahidi Mama mtini, sijui alijuaje, au alibahatisha tu. Nikamwamini. Jua lilikuwa kali. Nikaingia ndani nikamletea maji kwenye kopo la bluu. Akanywa yote. Akasema asante.

Sikumwambia Baba neno. Nilifikiri namfichia Mama zawadi yake.

Mikono ya Baba, Verlene. Mimi nilimpa maji.

Njoo.

Ozella


Tolliver
18 Januari 2000

Dada yangu Ozella,

Sikuja. Kabla hujanitukana, soma mpaka mwisho, na usiiruke katikati kama unavyofanya.

Barua yako niliisomea stendi, nimekalia begi. Basi likaja. Nikanyanyua mguu, mguu ukakataa. Dereva akaniuliza, "Mama, unapanda au umekuja kuniaga?" Nikamwambia, "Naona nakuaga." Nikarudi nyumbani nalia barabara nzima, watu wananisalimia najibu. Nilikuwa nafikiri, Dada kaubeba huu mzigo miaka thelathini na saba kwa sababu ya shimo, na mimi nikimbie nisijue hata nani kachimba? Basi nimjue tu. Hata kama ndiyo mwisho, nimjue.

Jumatatu ya sikukuu. Alfajiri, mbingu ndiyo inaanza kuwa kijivu. Nipo barazani nimekaa na bunduki, blanketi juu ya magoti, meno yanagongana. Nasikia pikapu. Taa imezimwa, Ozella. Inakuja taratibu bila taa, inasimama mbele ya nyumba yangu. Mtu mmoja anashuka. Anavuta kitu kirefu nyuma ya pikapu, kirefu kama mtu na nusu, kimefungwa kitambaa cheupe.

Nilikojoa. Nakuambia wewe peke yako. Nilikojoa, halafu nikasimama nikamwelekezea bunduki, nikasema, "Ukikisimamisha hicho nakuua." Sauti haikuwa yangu. Ilikuwa ya Baba.

Akaacha kila kitu kikaanguka, akanyoosha mikono juu. "Bi Stallworth," anasema, "tafadhali, Bi Stallworth, usipige."

Creel! Miaka ishirini na sita ni Verlene ongeza, Verlene ongeza. Siku nimemtolea bunduki ndiyo nikawa Bi Stallworth.

Nikamwambia, "Fungua hicho kitambaa." Akainama, akafungua. Bendera. Bendera ya taifa kwenye mti wake, mpya, bado ina mikunjo ya dukani. Na miguuni kwake bomba. Lile bomba lao, na kifuniko.

Nikakaa chini pale pale kwenye ngazi, maana goti.

Akaanza kunieleza kutoka mbali, mikono kairudisha juu, maana sikumwambia aishushe. Klabu walipiga kura, kumi na moja wakakataa, mmoja akakubali. Huyo mmoja ni yeye. Akaamua bendera moja aitoe mwenyewe. Ile Ijumaa alipomaliza kuchimba akaona gari la Pickard linakata kona, akakimbia na bomba lake. Mara ya pili alishaanza kumimina saruji, akasikia watu tunatoka kanisani, akakimbia tena. Lile vumbi nililosema majivu ni saruji, dada. Saruji ya dukani!

Nikamwambia, "Bwana Creel, una mkono. Mlango wangu una mbao. Ulishindwa kugonga?"

Akasema, "Niliogopa wangeniona nimesimama mlangoni kwako."

"Na mimi hukufikiri nitaogopa nini, nikikuta shimo mbele ya nyumba?"

Akalitazama lile shimo. Nikasema, "Mtaa huu una nyumba arobaini. Kwa nini kwangu? Kwa sababu ya lile gazeti?"

Akashusha mikono bila ruhusa. Akaangalia chini. Akasema, "Kwa sababu hapa nilishawahi kuchimba, Bi Stallworth. Niliambiwa na wakubwa nichimbe tu, niende. Niliwaza ni kutishana. Usiku nikaona moto kutoka kwetu mlimani."

Nilikuwa sijamtajia barua yako. Sijamtajia mtu yeyote, naapa kwa kaburi la Mama. Yeye mwenyewe akaendelea: "Kulikuwa na msichana. Alinipa maji. Kopo la bluu. Yu hai?"

Dada, bunduki nilikuwa nayo bado. Nisikudanganye, kidole kiliwaza.

Nikamwambia, "Hilo hujapewa ruhusa ya kuliuliza."

Akaitikia kwa kichwa, akaokota bendera aondoke nayo. Hapo ndipo nikaona kitu kingine, nikapata woga mpya juu ya woga wa zamani. Nikamwambia, "Simama. Bendera moja mji mzima, mbele ya nyumba yangu, na mimi ndiye niliyesema kikaoni. Umenisaidia au umenichongea? Si ndiyo umewaonyesha nyumba ya kuja?" Akabadilika rangi. Hilo hakuliwaza, nakwambia. Alikuwa kawaza roho yake tu. Akasema, "Naiondoa."

Nikasema, "Chomeka."

Sijui kwa nini. Nadhani nilichoka. Mwezi mzima naliogopa shimo tupu, nikaona bora niogope kitu ninachokiona. Akachomeka. Nikamwambia, "Na wewe kaa hapa nayo. Mchana. Wakuone." Akawa mweupe kuliko alivyo. Akakaa kwenye ngazi ya chini kabisa, kofia magotini, mpaka jua lilipozama, maana sheria inasema jua kutoka mpaka jua kuzama. Hakula. Hakuomba maji, na mimi sikumpa.

Watu wa kanisa walitoka kwenye maandamano ya sikukuu ya King wakatukuta, wakakodoa, wakaleta viti. Ocie alileta kiti cha kwanza, huyo huyo! Pikapu zilipita kumi na nne, nilizihesabu. Nyingine zikapunguza mwendo. Kwenye moja kuna sauti ilitoka nisiyoweza kuiandika, na Creel akaitwa jina baya kuliko lile wanalotuita sisi. Pickard akapita mara mbili, hakusimama. Leo Bi Tressie kaniambia meza ile imehama, wanakunywa kahawa kwingine. Creel peke yake kaja, kakaa kwenye kona. Sikumtilia mimi.

Bado nalala jikoni na viatu. Nakuambia ili usidhani nimekuwa shujaa.

Bomba limo shimoni, kifuniko kiko juu. Sijui nilifanyeje. Ni shimo lako zaidi ya langu. Sema wewe. Ukisema nifukie nitafukia kesho, na saruji yake juu.

Tiketi yako hii hapa, sijaitumia.

Verlene


Detroit
24 Januari 2000

Verlene,

Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nimekaa, mara mbili nimesimama.

Zamani niliona shimo nikadhani ni la mtini. Wewe umeona la bendera ukadhani ni moto. Kati ya makosa mawili, lako halikumuunguza mtu. Nashukuru Mungu kwa hilo peke yake, mengine bado sijayashukuru.

Usilifukie.

Stendi wamenibadilishia tiketi, inakuja upande huo. Nitafika mwezi wa tano, wiki ya kuwakumbuka askari, maana najua siku hiyo pikapu yao hutoka, na nataka nione kama itashuka mpaka bondeni au itaishia mlimani. Naogopa. Nimenunua viatu vya safari, bado vimo kwenye boksi. Nakuja hivyo hivyo.

Nakuja na mche wa mtini, nimeupata kwa Mgiriki wa sokoni. Shimo lake nitachimba mwenyewe. Usimruhusu mtu aguse sepetu kabla sijafika.

Creel mwambie yule msichana yu hai. Hilo tu. Mengine nitamwambia mimi, ana kwa ana, na aje akiwa ameshakunywa maji kwao.

Ozella